Mzee kaanza mazoezi ya moyo, presha imeshuka, sasa kizunguzungu kimeingia. Aendelee au tumsimamishe?

#1 Mwana_Chikongola
Wakuu kuchele. Naomba mawazo maana nyumbani kumegawanyika pande mbili na mimi nimebaki katikati kama kete isiyo na shimo.

Mzee wangu ana miaka 69, mstaafu wa bandari. Presha anayo zaidi ya miaka 12 ila dawa alikuwa anakula kwa kujisikia, kichwa kikiuma anameza, kikipoa anaziweka juu ya kabati. Mwezi wa nane miguu ikavimba, usiku akawa analala amekaa, tukampeleka Dar, kipimo kikaonyesha moyo umetanuka kwa ajili ya hiyo presha ya miaka yote. Kalazwa siku 9, katoka na karvediloli asubuhi na jioni, losartani, na ile ya kukojoa. Na karatasi ya mazoezi: atembee dakika 10 kwanza, aongeze kidogokidogo mpaka nusu saa, siku tano kwa wiki.

Tulijua ataacha. Hakuacha. Sa hivi ni wiki ya saba, akitoka swala ya alfajiri anaongozana na rafiki yake wa bao, wanakata mpaka Shangani ufukweni hapa Mtwara wanarudi. Presha iliyokuwa 168/98 sasa inasoma 130, 126, humohumo. Ngazi za msikitini anapanda bila kushika ukuta, kitu ambacho mwezi wa nane ungeniambia ningekuona mwongo.

Sasa wiki mbili hizi kaanza kupata kizunguzungu. Mara tatu. Jumamosi aliwahi nguzo ya baraza, angeanguka. Shangazi kaja juu, anasema "moyo umechoka alafu nyie mnaukimbiza", mazoezi basi. Mimi sitaki aache maana nimeona kwa macho yangu alivyobadilika. Kuna mwenye mzee kama wangu? Hiki kizunguzungu kinatoka wapi?

#2 Kete_Namua
Nimekaa siti ya mbele. Ngoja waje wanaojua.

#3 Bi_Mtanda
Pole sana. Mimi niko na shangazi yako, niseme ukweli. Baba yangu mdogo hapa Lindi aliambiwa hivyohivyo fanya mazoezi, akaona mazoezi gani zaidi ya shamba, akaenda kung'oa visiki Ng'apa, wiki ya pili kaanguka, upande wa kulia mpaka leo hauna nguvu. Moyo ni kama injini ya boti, ikishapata moto unaizima kwanza upoe.

#4 Newala_Baridi
Haya mambo ya kutembea bila safari ni ya watu wa mjini. Bibi zetu huku juu walikuwa wanashuka bondeni kufuata maji na kupanda na mtungi kichwani, na korosho waokote, na mtoto mgongoni, nani alisikia presha? Presha imekuja na mashine za kupimia.

#5 Mmwera_Asilia
#4 mtani hapo mwisho umejijibu mwenyewe 😂 Mashine haikuwepo ndio maana hamkusikia. Walikuwa wanaanguka ghafla mnasema karogwa na Wamwera, tukabebeshwa kesi zisizo zetu.

#6 NesiMstaafu
Salamu wote. Nimefanya kazi wodi za wakubwa miaka 31 kwa hiyo mnivumilie.

Bi Mtanda, pole kwa baba mdogo, lakini kung'oa visiki na kutembea Shangani ni vitu viwili mbali kabisa. Kisiki unakivuta umebana pumzi, meno yameuma, na ukibana pumzi hivyo ukasukuma presha inaruka juu hapohapo. Mtu aliyeagizwa atembee akaamua kung'oa miti hakufanya mazoezi aliyoagizwa.

Na hilo la kumlaza mgonjwa wa moyo lilikuwepo kweli. Zamani aliyepata shambulio la moyo alikuwa analazwa wiki hata sita hageuki, analishwa kwa kijiko. Mwaka 1952 madaktari wawili wa Marekani, Levine na Lown, wakaandika kwamba wao wagonjwa wao wanawakalisha kwenye kiti mapema na wanaendelea vizuri, wenzao wakawaona wendawazimu. Kumbe kulala kulikuwa kunaleta damu kuganda miguuni na misuli kuyeyuka. Kwa hiyo shangazi yako hajatunga, ila hiyo ni tiba ya zamani.

Sasa mwenye uzi nijibu haya: kizunguzungu kinamkuta AKIWA anatembea, akishamaliza, au akiinuka? Dawa anameza saa ngapi? Na mapigo mnahesabu?

#7 Mwana_Chikongola
Asante mama. Akiwa njiani hajawahi hata siku moja. Wanarudi, wanakaa palepale barazani kwa jirani wanaanza bao, sasa akiinuka baada ya mchezo ndio inamkuta. Mara zote tatu hivyo. Dawa anameza zote kwa pamoja saa kumi na moja kasoro, kabla ya kwenda msikitini, na maji nusu glasi. Mapigo mashine inasema 54, 56.

#8 Kochi_Nangwanda
Hapo jibu limeshapatikana jamani. Wanarudi alafu wanakaa palepale! Mimi nafundisha vijana mpira, mchezaji akimaliza kukimbia hairuhusiwi kukaa chini, tembea kwanza. Ukitembea misuli ya miguu inabana mishipa inasukuma damu irudi juu. Ukiacha kutembea ghafla damu inabaki miguuni kama maji kwenye ndoo, kichwani hamna kitu. Hao wazee wanatembea kasi gani?

#9 Mwana_Chikongola
Kochi umenikumbusha kitu nilikuwa nakiona cha kuchekesha tu. Wanashindana. Wakifika kwenye minazi ya mwisho kurudi nyumbani kila mmoja anaongeza mwendo, wa mwisho kufika ndio anapanga kete. Mzee hataki kupanga kete.

#10 Kete_Namua
Mzee wa kazi! Nani anataka kupanga kete asubuhi.

#11 Mtoto_wa_Bima
Mimi ningemtoa kabisa kwenye kutembea. Kuna utafiti umetoka 2023, waliunganisha majaribio 270, ukaonekana mazoezi ya kujibana bila kusogea ndio yanashusha presha kuliko yote, kuliko kukimbia, kuliko kuinua vyuma. Unaegemea ukuta kama umekaa kwenye kiti kisichokuwepo, dakika 2, unapumzika, mara nne. Mimi nafanya hapa jimu na presha yangu 115.

#12 Newala_Baridi
Kijana wa miaka ishirini na ngapi unatuletea presha yako 115, hongera kwa kuwa kijana.

#13 Fizio_Kusini
Nilikuwa nasoma tu ila #11 umenitoa nyumbani. Huo utafiti upo na matokeo yake ndio hayo, sikatai. Lakini ulikuwa unaangalia namba ya presha mtu akiwa amepumzika, haukuuliza mzee wa miaka 69 aliyetoka wodini na moyo uliotanuka na magoti ya bandarini atakaaje ukutani dakika mbili. Na watu wakikaa vile sekunde ya arobaini wanabana pumzi, ambacho ndicho mama Nesi kakieleza. Kutembea hakumfanyii mzee kushusha namba tu, kunamrudishia uwezo wa kuishi, hizo ngazi za msikitini ndio kipimo chenyewe.

Sisi mafizio, watu wa mazoezi ya tiba, mgonjwa wa moyo akija kuanza tunampima kwa kitu rahisi sana, anatembea dakika 6 kwenye njia iliyonyooka tunaona kafika mita ngapi. Baada ya wiki kadhaa anarudia. Hata nyumbani unaweza, pima minazi miwili hesabu anazunguka mara ngapi.

Mwendo wake msiupime kwa mapigo. Ile hesabu ya 220 toa umri, ya kukadiria mapigo ya juu kabisa, haimhusu mtu anayemeza karvediloli, atenololi na wenzake, dawa hizo zinaufunga moyo usiende mbio, ndio maana mnaona 54. Anaweza kuwa amechoka hoi na mapigo bado 90. Tunatumia kujisikia. Kuna ngazi ya namba za kupimia uchovu aliitunga Msweden anaitwa Borg, inaanza 6 umekaa huna habari, inaishia 20 unakata roho. Mzee abaki 11 mpaka 13, yani anajua anafanya kazi lakini anaongea. Akiweza kuongea sentensi nzima sawa. Akiweza kuimba kaswida yote bila kukata, aongeze kidogo. Akijibu "mm" na "ee" tu, apunguze. Kukimbizana kwenye minazi kwa sababu ya kete ni 16 hiyo.

Na kila safari ziwepo dakika 5 mpaka 10 za kuanza polepole na dakika hizohizo za kumaliza polepole. Sio mapambo. Presha ikiwa 180/110 kabla hajatoka, siku hiyo hatoki. Kifua kikibana, pumzi ikikata akiwa amekaa, moyo ukipiga ovyo, anaacha kutembea na anapelekwa hospitali siku hiyohiyo, asisubiri kesho.

Kwa hiyo mimi niko na Kochi, ila sio asilimia mia.

#14 Konda_wa_Mikindani
Naongezea ushahidi wa fani yangu 😂 Kuna Mwingereza anaitwa Morris mwaka 1953 alichunguza mabasi ya ghorofa ya London, akakuta madereva wanaokaa siku nzima wanapata magonjwa ya moyo zaidi kuliko makonda wanaopanda na kushuka ngazi kukata tiketi. Konda oyee. Nasubiri dereva wangu aone huu uzi.

#15 Mmwera_Asilia
Konda wa Mikindani ngazi gani unapanda wewe? Unaning'inia mlangoni unapiga bati.

#16 Ndonde_Mpole
Kwenye hilo la Morris kuna kipande huwa hakisimuliwi. Baadae aliangalia vipimo vya suruali za sare, akakuta madereva walikuwa na viuno vipana tangu siku wanaajiriwa. Sasa udereva uliwaleta kitambi au wenye kitambi ndio walioomba udereva? Hii hadithi inasimuliwa kirahisi sana.

Ningeongeza na ya kwetu wazee wa kusoma: daktari Heberden wa London, 1802, aliandika mgonjwa wake wa presha alijipangia kupasua mbao kwa msumeno nusu saa kila siku akakaribia kupona kabisa.

#17 NesiMstaafu
Hiyo ya 1802 ni mwaka kitabu chake kilipotoka, mwenyewe alikuwa ameshafariki. Ugonjwa wenyewe, kubana kwa kifua, alianza kuueleza 1768, maandishi yakachapishwa 1772. Na hakuwa mgonjwa wa presha. Presha Heberden angeipimia wapi? Ule mfuko wa kufunga mkononi kauleta Mwitaliano Riva-Rocci 1896, na kusikiliza kwa kipimo masikioni kakuleta Mrusi Korotkoff 1905. Mengine uko sawa mwanangu.

#18 Ndonde_Mpole
Nimepokea. Mbao lakini zilipasuliwa.

#19 Ng'onda_Mkavu
Mnaacha chungu mnahangaika na mwiko. Huyo mzee anakula nini? Sisi watu wa pwani mboga yetu ng'onda, samaki mzima kakaa kwenye chumvi kisha juani. Shirika la Afya Duniani linasema chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja cha chai kile, na hiyo ni pamoja na iliyopo kwenye mkate. Kipande kimoja cha ng'onda kinakula sehemu kubwa ya hesabu. Presha yake ilikuwa inapandishwa na ng'onda.

#20 Mwana_Chikongola
Mkuu, ng'onda mama alishapiga marufuku toka mwezi wa tisa. Chumvi nyumbani imebaki ya wageni. Mzee analalamika mbaazi zina ladha ya kikapu.

#21 Ng'onda_Mkavu
Basi nageuza. Chumvi imetolewa, dawa ya kukojoa inatoa maji, na joto hili la Mtwara linatoa jasho hata ukiwa umekaa. Nusu glasi ya maji toka asubuhi! Mzee kakauka huyo. Sasa ng'onda ni yeye.

#22 Bi_Mtanda
😂😂 Jamani heshima kwa mzee wa watu.

#23 Fizio_Kusini
Kicheko pembeni, #21 kagusa kitu. Ila msikimbilie kumnywesha ndoo, moyo uliotanuka wengine wanawekewa kiwango cha maji kwa siku. Aulizwe daktari wake anaruhusiwa kiasi gani.

#24 UstadhiMdogo
Assalaam alaykum. Niulize, swala tano haitoshi? Kusimama, kurukuu, kusujudu, kuinuka, mara zote hizo kwa siku, viungo vyote vinafanya kazi.

#25 Fizio_Kusini
Waalaykum salaam ustadhi. Viungo inavilainisha sana na mizani ya mwili inaijenga, na mzee anayeweza kuinuka kutoka sijda bila kushika kitu ana mapaja mazuri. Lakini moyo hauchemki kiasi cha kutosha wala muda wake hautoshi, wanaopendekeza wanasema dakika 150 kwa wiki za mwendo wa wastani. Halafu swali lako lina faida nyingine: mwenye uzi, je kizunguzungu kinamkuta na kwenye sijda?

#26 Mwana_Chikongola
Nimemuuliza sasa hivi. Kasema "kidogo, isha". Hakuwahi kutuambia. Wazee hawa!

#27 NesiMstaafu
Basi sikia. Kesho asubuhi mpime hivi. Akae kwenye kiti cha mgongo dakika 5, asiwe na haja ndogo, miguu chini asikunje nne, mkono mezani usawa wa moyo, asiongee. Andika. Asimame, baada ya dakika moja pima, dakika ya tatu pima tena, mtu mmoja akae karibu yake. Namba ya juu ikishuka 20 au zaidi, au ya chini ikashuka 10, hiyo ni presha ya kushuka ya kusimama. Rudieni baada ya bao.

#28 Mwana_Chikongola
Mrejesho. Asubuhi kabla ya dawa: amekaa 134/80, kasimama 126/78. Baada ya matembezi na bao moja: amekaa 122/74, dakika moja kasimama 98/64, na akasema "inakuja" akashika bega langu. Mikono yangu ilitetemeka kuandika.

#29 Mtoto_wa_Bima
Si ndio hiyo, presha ya kushuka. Mpeni chumvi kidogo na soda.

#30 NesiMstaafu
#29 USIMPE. Moyo umetanuka huo, chumvi itamjaza maji, atarudi kulala amekaa. Akijisikia hivyo akae au alale ainue miguu, basi.

#31 Kete_Namua
Mashine gani mnatumia? Kama ya kufunga kifundo cha mkono (ile ndogo) usiiamini, nilikuwa nayo, nikiinua mkono presha inashuka nikiuteremsha inapanda, nikamwambia mke wangu nimepona.

#32 Mwana_Chikongola
Ni hiyo ndogo mkuu. Ila leo tumeenda zahanati wakapima na ya mkono wa juu, amekaa 124/76 kasimama 104/68. Kwa hiyo tofauti 20 kamili. Mashine yangu inatia chumvi lakini haidanganyi sana.

#33 Daraja_la_Mkapa
Nimeusoma uzi wote niko njiani naenda Dar kliniki na mama yangu (kilomita mia tano na kitu, mtu unafika presha ishapanda kwa ajili ya mgongo). Mama naye anameza karvediloli. Yeye aliambiwa wazi ameze NA CHAKULA, sio tumbo tupu, kwa sababu ikiingia na chakula inafyonzwa polepole haishushi presha kwa kishindo mtu akisimama. Mzee wako anameza saa kumi na moja kasoro hana kitu tumboni, tena pamoja na losartani na ya kukojoa, zote tatu zinashusha. Alafu mazoezi nayo yanashusha, ukimaliza kutembea presha inabaki chini masaa kadhaa. Zinakutana zote barazani kwenye bao.

#34 Kochi_Nangwanda
Ila wiki tano za mwanzo alikuwa anameza vilevile na hakuanguka. Kilichoongezeka ni mashindano ya kete. Nabaki na langu.

#35 Daraja_la_Mkapa
Wiki tano za mwanzo presha ilikuwa bado juu kochi, ilikuwa na pa kushukia.

#36 Mmwera_Asilia
Na mnada wa korosho mmeuweka wapi? Presha za wazee wote wa kusini Oktoba mpaka Desemba zinasomwa ubaoni kwenye bei. Mzee wangu mwaka bei ilivyoanguka alipima 170, walivyomlipa ikarudi 140 hajameza kitu.

#37 Newala_Baridi
Hapo mtani umesema kweli kwa mara ya kwanza toka tufahamiane.

#38 Bi_Mtanda
Mimi naomba niulize kitu cha kike. Hapewi na mengine nyumbani? Maana wagonjwa wa presha kila jirani ana majani yake. Baba mdogo alikuwa anakunywa choya (rozela) asubuhi, kitunguu swaumu mchana, mlonge usiku.

#39 Mwana_Chikongola
Dada usiniambie. Nimeuliza, mama kacheka, shangazi kanyamaza. Shangazi ndiye anayemletea choya jagi zima toka mwezi huu uanze, "isaidie dawa". Huyohuyo anayesema mazoezi ndio yanamuangusha.

#40 Kete_Namua
Shangaziiii 😂😂😂

#41 NesiMstaafu
Msimcheke, kafanya kwa mapenzi. Choya inashusha presha kidogo kweli, na mtu wa dawa tatu hicho kidogo kinaonekana. Mwambieni kwa adabu apumzishe jagi mpaka kliniki. Halafu mfungue na kabati ya mzee mhesabu dawa zilizomo, nimeona mengi.

#42 Mwana_Chikongola
Mama we ni mganga? Juu ya kabati tumekuta pakiti ya amlodipini ya zamani, ile aliyokuwa anapewa kabla ya Dar. Imepungua. Mzee anasema ni za zamani hizo alishaacha. Mama anasema pakiti ile ilikuwa haijafunguliwa. Wamenuniana, mimi nimetoka nje.

#43 Ng'onda_Mkavu
Kwa hiyo hadi sasa tuna: kete, maji, tumbo tupu, choya, amlodipini, korosho. Nani kaweka kura yake wapi? Mimi maji.

#44 Kochi_Nangwanda
Kete.

#45 UstadhiMdogo
Mzee anafunga Jumatatu na Alhamisi? Maana hamjauliza.

#46 Mwana_Chikongola
Anafunga Alhamisi. Ila vizunguzungu vilikuwa Jumanne, Jumatano na Jumamosi. Hiyo futa ustadhi.

#47 Mwana_Chikongola
Wakuu nimerudi kliniki ya hapahapa Mtwara. Daktari hakukasirika, kasema wengi wanakuja hivi mazoezi yakishakolea. Kapunguza dawa ya kukojoa nusu, asubuhi ameze karvediloli baada ya uji na matembezi yafuate saa moja baadae, losartani ihamie usiku, amlodipini kaichukua kabisa kaiweka kwenye droo yake. Choya kasema kwa sasa hapana. Mzee apimwe uzito kila asubuhi, akiongezeka kilo 2 ndani ya siku tatu arudi haraka maana ya kukojoa imepungua. Mazoezi YAENDELEE, bila mashindano, na dakika kumi za mwisho polepole. Nikamuuliza sasa dokta katika yote hayo ni lipi lililokuwa linamuangusha? Kasema "yote yanaweza", akaita mgonjwa mwingine.

#48 Fizio_Kusini
Safi. Muongezeeni na kuinuka kwenye kiti na kukaa, mara 8 mpaka 10, siku mbili kwa wiki, anatoa pumzi akiwa anainuka. Na akimaliza bao asiinuke mara moja, achezeshe kwanza vifundo vya miguu kama anakanyaga cherehani.

#49 Bi_Mtanda
Nimejifunza. Baba mdogo fizio wa Lindi anamtembeza na fimbo sasa, nilikuwa namzuia. Nitaacha kumzuia ila macho yangu yatakuwa pale.

#50 Kete_Namua
Mwenye uzi, siku ya tano leo. Vipi?

#51 Mwana_Chikongola
Siku mbili za mwanzo bado kilikuja, chepesi. Juzi na jana hakuna kabisa, baada ya mchezo amekaa 128/76 kasimama 120/74. Shangazi anasema ni kwa sababu ya kupumzika. Maana juzi na jana mvua imepiga Mtwara nzima, hawakutembea, bao likahamia sebuleni kwetu na mzee alikaa kwenye kiti cha mgongo badala ya kile kigoda kifupi cha barazani.

#52 Kochi_Nangwanda
KIGODA! Hatukuuliza kigoda!

#53 Daraja_la_Mkapa
Magoti yamekunjwa saa nzima, hapo damu ya miguu inakaa wapi? Ila dawa nayo imebadilishwa wiki hiyohiyo.

#54 Ng'onda_Mkavu
Na mvua imeleta ubaridi. Nabaki na maji.

#55 Newala_Baridi
Sebuleni nani alipanga kete?

#56 Mwana_Chikongola
Mimi.